Kubadilishana Malkia Si Woga

Juzi jioni pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, mpwa wangu alikuwa akicheza sataranji kwenye simu, vijana wawili wamemwinamia mabegani. Alipobadilishana malkia mapema, yaani kila mmoja akala malkia wa mwenzake, kijana mmoja akapaza sauti: "Huyu hachezi, anaogopa." Mchezo ule akaushinda, tena kwa kitunda kimoja tu cha ziada, ile kete ndogo kabisa, na bado wakaondoka wakisema kabahatika. Limenikera mpaka leo.

Huyu kijana anachezea Lichess, tovuti ya sataranji ambako hakuna malipo wala matangazo. Kila mgeni huanzishwa na alama 1500 za kupimia uwezo, naye, kama wengi, akaporomoka hadi chini ya 1200. Amezirudisha zile alama polepole, kwa mtindo huuhuu unaochekwa: anaondoa kete kubwa ubaoni, anamleta mfalme katikati, anakaza pale mwenzake anapoanza kuchoka.

Watu wanadhani malkia wakishatoka mchezo umekwisha. Mimi nasema ndipo unapoanza kudai akili. Tazama ubao, ambapo herufi hutaja safu wima na namba hutaja mstari: mfalme mweupe yuko e5, kitunda chake e4 nyuma yake, mfalme mweusi e7. Hakuna kingine ubaoni. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja katikati yao. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare mweusi akijua anachofanya. Zamu ikiwa ya mweusi, amekwisha: akienda d7, mweupe anaingia f6, na kitunda kitafika mwisho kiwe malkia. Kete ni zilezile, mahali ni palepale, tofauti ni zamu tu. Mpwa wangu alikaa na umbo hilo jioni nzima, akihesabu kwa kidole kwenye kioo cha simu, hadi akaweza kuliona hatua nyingi kabla halijafika. Ndiyo maana anathubutu kubadilishana malkia. Anajua anakokwenda, ilhali mwenzake anadhani wamepatana sare.

Na mabingwa wa dunia je? Capablanca hakupoteza mchezo rasmi hata mmoja tangu 1916 hadi 1924, na nguvu yake ilikuwa hukohuko kwenye miisho, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo kete zikiwa chache. Yeye mwenyewe alihimiza watu waanze kujifunza huko. Desemba 2021, Dubai, Magnus Carlsen alimkamua Ian Nepomniachtchi kwa hatua 136, mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya kugombea ubingwa wa dunia. Saa saba na zaidi mezani. Ulikuwa ushindi wa kwanza katika pambano lile, na baada yake Nepomniachtchi hakusimama tena. Nani atasema Carlsen aliogopa?

Nakubali, asiyeona farasi anayetishia kete mbili kwa pamoja hatafika kwenye mwisho wowote. Mafumbo ya mashambulizi lazima yafanywe. Lakini michezo ya dakika moja moja, mtu kutwa anabonyeza, haimfundishi mtu kufikiri, na ndiyo inayowapa vijana wetu dhana kwamba kasi ni umahiri.

Linaloniuma zaidi ni kwamba haya yanasemwa Lamu. Wazee wetu wakiwa kwenye bao hapohapo mbele ya ngome, hakuna anayemcheka mtu kwa kuhesabu kete kabla hajazishika. Wanamngoja. Tamasha la utamaduni likija, bao lina mashindano yake pamoja na mbio za punda na majahazi, na anayesifiwa ni yule anayeona mbali. Kwa nini kijana akishika simu tumhukumu kwa kipimo kingine?

Laiti ningekabidhiwa klabu ya sataranji katika shule moja hapa kisiwani, watoto wangepata wafalme wawili na kitunda kimoja kabla sijawafundisha ufunguzi wowote, yaani hatua za kuanzia mchezo. Wangelalamika siku za mwanzo. Halafu mmoja angeshinda mchezo ambao kila mtu alishauhesabu kuwa sare, na wengine wangetaka kujua kafanyaje.

Mpwa wangu sasa amehamia kwenye miisho yenye kete ya ngome na vitunda, ambayo ni migumu kuliko hii niliyoieleza, na alama zake zimesimama palepale kwa muda. Ameniuliza kama arudi kwenye mashambulizi ili zipande haraka. Nimemwambia asirudi.