Jamani, Brazil siyo mziki wa kunywea kahawa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mgahawa mmoja huko Masaki, zile sehemu ambazo kikombe cha kahawa ni bei ya nusu kilo ya nyama, namsubiri mtu wa kazi, na kwenye spika inapigwa bossa nova, ule mziki wa Brazil wa gitaa la chinichini. Tena siyo bossa nova yenyewe, ni zile kava: dada mmoja ananong'ona nyimbo za Marekani za miaka ya tisini kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, na gitaa nyuma linadonoadonoa. Mwenzangu alipofika nikamtania tu, nikasema hawa wangetuwekea Daniela Mercury, yule mwimbaji wa mziki wa kanivali wa Brazil, hapa saa hizi tungekuwa tumechangamka. Akacheka. Akaniambia, "Dada yangu, zile ni kelele za kanivali, za watalii. Brazil yenyewe ndiyo hii sasa, mziki wa watu waliotulia."

Nilimezea kwa sababu yeye ndiye anayesaini invoisi yangu. Hapa hasaini kitu, kwa hiyo leo nasema yote.

Mimi nimekulia Mtwara. Watu wa Dar wakijua nasikiliza mziki wa Brazil wanadhani nimeuokota YouTube au nimewahi kuolewa na mzungu, wakati kwetu ule mziki uliletwa na mashua. Msumbiji walipopata amani 1992 watu walianza kwenda na kurudi kwa wingi, wakimbizi wanarudi makwao, wafanyabiashara wanavuka Ruvuma au wanazunguka baharini mpaka Mocímboa da Praia, na sisi Wamakonde ndugu zetu wako ng'ambo zote mbili kwa hiyo mpaka ulikuwa ni habari za serikali zaidi. Mjomba wangu alikuwa kwenye hizo safari. Kule wanaongea Kireno, na Kireno ndicho kilichowaletea Brazil mpaka sebuleni, Roberto Carlos (mwimbaji, siyo yule wa mpira) kwao alikuwa mtu wa nyumbani kabisa, na usiku hali ya hewa ikikaa vizuri stesheni zao tulikuwa tunazinasa hata sisi huku. Mjomba akirudi alikuwa haleti zawadi za maana (mama alikuwa analalamika sana kuhusu hili) ila analeta kaseti.

Kuna moja ninaikumbuka mpaka mikwaruzo yake. Haina kava, lebo imeandikwa "Bahia" kwa peni ya bluu basi. Upande wa kwanza unaanzia katikati ya wimbo maana aliyerekodi alichelewa kubonyeza, halafu huo wimbo ndio O Canto da Cidade wa Daniela Mercury, na mpaka leo nikiusikia mzima naona kama ule mwanzo wameuongeza juzijuzi. Tulikuwa hatujui Kireno hata cha kuombea maji. Binamu yangu alishikilia kwamba yule dada anaimba "akodisha", kuna nyumba ya kupanga hapo, na tuliimba hivyohivyo kwa nguvu zote tukiwa tunachambua mchele. Anachosema ni a cor dessa cidade sou eu, rangi ya mji huu ni mimi. Nitarudi hapo maana hapo pana kesi.

Basi nilivyotoka kwenye kile kikao nikajifungia na bando langu nikaanza kuchimbua, na nilichokuta ndicho kilichonipandisha hasira zaidi, kwa sababu zile "kelele" zina historia nzito kuliko huo mziki wake aliotulia nao.

Sikilizeni. Bahia ni jimbo la Brazil, na mji wake mkuu, Salvador, watu weusi ndio wengi, ila kanivali la mjini vikundi vya watu wenye hela vilikuwa havitaki weusi ndani. 1974, wakati huo Brazil iko chini ya wanajeshi, vijana wa mtaa wa Liberdade wanaanzisha Ilê Aiyê, kikundi cha kanivali cha watu weusi tupu. Walivyotoka barabarani mara ya kwanza, 1975, gazeti kubwa la pale likawaita wabaguzi wa rangi. Wao ndio wabaguzi! Miaka mitano baada ya kuanzishwa kwao, 1979, kikazaliwa kikundi kingine, Olodum, pale mtaa wa Pelourinho, na Pelourinho wakati huo siyo hii ya kupiga picha, ilikuwa ni majumba mabovu na watu ambao mji uliamua kutowaona. Neguinho do Samba akawa anawafundisha vijana ngoma, akachukua samba akaichanganya na rege, zile ngoma kubwa za besi, surdo, zinajibizana chini taratibu, halafu juu kuna ngoma ndogo zinachapwa kwa fimbo nyembamba mbilimbili mpaka zinapasuka kama mahindi kwenye sufuria. Hiyo ndiyo samba-rege. Mnaijua hata kama mnadhani hamuijui, maana ndiyo iliyo kwenye video ya They Don't Care About Us ya 1996, Michael Jackson amevaa fulana ya Olodum, nyuma yake vijana na ngoma zao za rangi. Kwetu ile video watu waliangalia Michael, mimi niliangalia ngoma, nikapiga kelele hii ni ile kaseti ya mjomba, hakuna aliyenielewa.

Sasa hao wapiga kelele walikuwa wanaimba nini? 1987 wimbo uliotikisa kanivali la Salvador ulikuwa Faraó, Divindade do Egito, wa Luciano Gomes, na ndani yake mna Osiris, mna Isis, mna Akhenaton na Tutankhamon na Giza, yani mtoto wa Pelourinho ambaye shule haijawahi kumwambia lolote kuhusu Afrika zaidi ya minyororo anafundishwa mafarao kwa ngoma barabarani na mji mzima unaitikia. Mwaka huohuo bendi ya Reflexu's ikapiga Madagascar Olodum, habari za kisiwa cha Madagaska na wafalme wake, ikachezwa Brazil nzima. Niambieni, sisi tunaoishi mkabala na Madagaska tuna wimbo gani wa kuchezea wenye habari za Madagaska? Na mmoja wa waliorekodi Faraó mwaka ule, Margareth Menezes, 2023 akawa waziri wa utamaduni wa Brazil, kiti ambacho Gilberto Gil, mwanamuziki mwingine wa Bahia, alikikalia kuanzia 2003 mpaka 2008. Hao ndio watu wa kelele.

Hata jina wanaloitia huu mziki wote wa kanivali la Bahia, axé music, lilianza kama tusi. Mwandishi mmoja wa habari wa hukohuko Salvador, Hagamenon Brito, ndiye aliyelitumia 1987 kuwabeza, kwamba ni mziki wa kijinga unaojifanya wa kimataifa. Wakalivaa wakatajirika nalo. Kwa hiyo kudharau huu mziki siyo ujuzi mpya wa watu wa Masaki, ni dharau ya zamani imepanda ndege tu.

Katika kuchimba nikaangukia pia kwa Jorge Ben, huyu siyo wa axé, ni mtu wa Rio na mkubwa kwa hao wengine. Ana wimbo wa 1974 unaitwa Zumbi, wa yule kiongozi wa Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka, aliyeuawa 1695, na unaanza kwa kutaja sehemu na makabila ambako watumwa walitolewa: Angola, Congo, Benguela, zinafuatana, mara nasikia Quiloa. Nikarudisha nyuma. Quiloa ndiyo Kilwa, Wareno ndivyo wamekuwa wakiiandika tangu enzi zao. Kilwa ya hapa njiani tunapokula ukitoka Mtwara kwenda Dar! Inaimbwa Rio kwenye mziki wa kucheza, katikati ya orodha ya watu waliouzwa, na mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali jikoni nikabaki nimesimama tu.

Haya, turudi kwenye kesi. Daniela Mercury ni mweupe. Mwanamke mweupe anasimama na kusema rangi ya mji huu ni mimi, mji wa watu weusi, na yeye ndiye anayeuza kaseti mpaka Mocímboa wakati wapiga ngoma wanabaki Pelourinho. Hili watu wa Brazil wenyewe wamelibishania na mimi siwezi kulipangusa kwa kitambaa. Nasema tu kwamba ule wimbo ameuandika pamoja na Tote Gira, mtunzi mweusi wa hapohapo Bahia, na bila yeye kuusukuma mimi kule Mtwara nisingejua hata kama kuna ngoma inaitwa surdo. Hiyo siyo sababu ya kutosha, najua. Halafu kuna mambo ya kamba: lile lori la maspika, trio elétrico, lilianza 1950 kwa washkaji wawili Dodô na Osmar na kigari kuukuu cha Ford, watu wote wanalifuata bure, baadaye ikaja biashara, lori likazungushiwa kamba, ndani wanacheza wenye hela ya kununua fulana maalumu, na wanaoshika kamba kwa ujira wa kibarua ni watu weusi maskini. Kwa hiyo ndiyo, mziki uliozaliwa kuwaingiza watu ukaja kuwatoa nje. Hilo nakubali huku nimekunja uso.

Na É o Tchan, ile bendi ya axé ya kukata viuno, siwatetei. Nilicheza sana, siwatetei.

Na sawa, João Gilberto, yule wa bossa nova yenyewe, ni mkubwa, sina ugomvi na marehemu, lile gitaa lake ni ngoma nzima ya samba imewekwa kwenye vidole. Ila mnaomtumia kuwapigia wenzenu fimbo mnajua kwamba naye ni mtu wa Bahia? Amezaliwa Juazeiro, jimbo lilelile la hao wapiga kelele. Muulizeni mwenzangu wa kahawa kama anajua.

Ninachokasirikia hasa, tukiacha utani, ni hii tabia ya mtu kuambiwa akikua aache mziki wa kuchezesha mwili ahamie wa kukaa, kwamba akili iko kwenye mziki unaopigwa chinichini na ukipigwa kwa nguvu basi ni wa wahuni. Tumewafanyia hivihivi vijana wa singeli, tuliwaita wahuni mpaka matamasha ya Ulaya yalipowaalika, ndipo watu wa kishua wakagundua ghafla kwamba mdundo una kasi "ya kipekee". Nendeni mkatafute ile shoo ya Daniela ya Juni 1992 São Paulo, mchana wa siku ya kazi, chini ya jengo la makumbusho ya sanaa la MASP, lile lenye nguzo nyekundu. Kaja mtu hajulikani sana pale mjini, kaanza kuimba, maofisi yote ya Avenida Paulista yamemwagika barabarani na wanaruka pamoja mpaka ikabidi shoo isimamishwe kwa hofu ya jengo. Wale walikuwa makarani na wahasibu wenye tai wametoka kula mchana. Hawakuwa watalii.

Kuna kitu kingine ambacho kinaniuma na sijui nikiweke wapi kwa hiyo nakiweka hapa. Mocímboa da Praia, ambako zile kaseti zilikuwa zinapakiwa, ndipo vita ya Cabo Delgado ilipoanzia Oktoba 2017, na 2020 waasi waliushika mji mzima karibu mwaka. Mjomba alishafariki kabla, hakuyaona. Ila kulikuwa na mzee mmoja kule alikuwa anamrekodia, kibanda chake kiko karibu na soko, redio mbili zimeunganishwa kwa waya, ndiye mwenye ile peni ya bluu. Sijui jina lake. Kila nikipiga Bahia siku hizi namuwaza yeye kuliko hata waimbaji.

Basi. Ninyi mnaotaka kuanza, msianze na zile orodha za "Brazil ya jioni". Anzeni na wimbo wa Swing da Cor, muone Daniela anavyoingia juu ya zile ngoma, halafu Olodum wenyewe, halafu Ivete Sangalo akiwa bado na Banda Eva, ile rekodi ya laivu ya 1997, halafu wimbo wake mwenyewe wa 2003 uliokwenda mpaka viwanja vya mpira, ule wa kunyanyua vumbi. Na msisikilizie kwenye simu, simu haina besi, surdo kwenye simu inageuka mtu anayegonga mlango kwa adabu. Azima spika.

Binti yangu ananiona mshamba. Yeye Brazil yake ni funk, Anitta na wale wa TikTok, ule mdundo uliotoka mitaa ya milimani ya Rio, na nilipoanza kumlalamikia kwamba hauna ngoma za kweli, kompyuta tupu, matusi mengi, aliniangalia tu, akaniuliza kwani kule Masaki uliambiwaje. Nikamnyamazia. Bado nasema matusi ni mengi. Tumekubaliana Jumamosi spika ni yangu mpaka saa sita mchana, baada ya hapo anapokea Anitta, na majirani wa ghorofa ya chini hawatusalimii mimi wala yeye.