Namba kubwa, nafasi ndogo: kukata, kubana au kukataa?

Chukua 4,294,967,297 iliyohifadhiwa kwenye BigInteger, aina ya namba kubwa sana katika lugha ya programu ya Java, kisha uigeuze kwa intValue, amri inayotoa namba kamili ya biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1). Unapata 1. Java imebakiza biti 32 za chini na kuzitupa zilizobaki, bila onyo lolote. Ukianza na 3,000,000,000 unapata -1,294,967,296, na hapo angalau alama ya kutoa inakushtua. Ile 1 ndiyo inayonitia hofu, maana inafanana kabisa na jibu sahihi. Ndiyo maana kukagua baada ya kugeuza ni kazi bure: ushahidi umeshatupwa.

Wanaotetea kukata kimya kimya wana hoja. Anayekokotoa heshi, yaani namba fupi inayowakilisha data, anazitaka hizo biti za chini tu, na ukaguzi ungemharibia kazi. Kubana, yaani kuirudisha thamani iliyozidi kwenye kikomo, nako kuna mahali pake: kwenye rangi ya picha, inayoanzia 0 hadi 255, thamani ya 300 ikibanwa inakuwa 255, mwanga wa juu kabisa, ikikatwa inakuwa 44, doa jeusi. Lakini ukibana namba za akaunti, wateja wawili tofauti wanageuka mmoja.

Mimi niko upande wa kukataa: intValueExact, iliyoingia na Java 8, husimamisha kazi thamani isipoenea. Hata hivyo, roketi ya Ariane 5 inanizuia kusema hilo linatosha. Tarehe 4 Juni 1996, namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi wa kwenda upande. Kati ya thamani saba zilizokuwa hatarini, nne zililindwa. Tatu ziliachwa ili kompyuta isilemewe. Kosa liligunduliwa papo hapo, ila utaratibu ulikuwa kompyuta ijizime, na ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imeshajizima kwa sababu hiyohiyo. Roketi ililipuka sekunde kama 40 hivi tangu kuanza safari. Hesabu yenyewe haikuwa na kazi tena baada ya kuruka!

Kwa hiyo unapoandika intValueExact, andika palepale nani atalipokea kosa. Ombi la mtumiaji mmoja likataliwe, wengine waendelee kuhudumiwa. Kwenye chombo kilicho angani, afadhali thamani iliyobanwa kuliko kompyuta iliyozimwa.