"Punguza mawazo" hakutoshi

Kaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari asubuhi moja, usikilize. Huyu nyayo zinamwaka moto kila usiku, yule anachomwa sindano vidoleni, mwingine hata shuka likimgusa mguu anaruka. Na karibu wote wameshaambiwa na mtu, awe jirani au mhudumu: "Punguza mawazo, mama."

Kauli hiyo inanikera, ingawa mna ukweli ndani yake. Inakera kwa sababu husemwa mgonjwa akishashika kitasa cha mlango, na anachosikia yeye ni kwamba anadeka. Hadeki. Sukari iliyokaa juu kwa miaka imeiharibu mishipa yake ya fahamu, tena huanzia kwenye vidole vya miguu kwa kuwa ndiko mishipa mirefu zaidi inakoishia. Mawazo hayakuiharibu.

Ila mawazo yana mkono katika ukali wa maumivu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango linalopitisha maumivu, na ubongo unaweza kutuma amri ya kulibana au kuliachia. Mengi katika maelezo yao yamesahihishwa baadaye, lakini hilo la ubongo kutuma amri kwenda chini limesimama. Hofu, huzuni na usingizi wa mang'amung'amu huliachia lango. Usiku huwa mbaya zaidi, maana nyumba imetulia na hakuna cha kumshughulisha mtu ila miguu yake.

Ndiyo sababu daktari huandika amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa dozi ndogo, hata kwa mgonjwa asiye na sonona. Inasaidia zile amri za ubongo za kutuliza maumivu. Shangazi yangu alipoandikiwa, mwanawe akaitafuta kwenye intaneti, akakuta "ugonjwa wa akili", na kopo zima likaishia jalalani. Dakika mbili za maelezo zingetosha kuliokoa.

Lakini lawama kubwa naiweka kwetu sisi wa nyumbani. Mgonjwa akikunja uso tu, tunamnyang'anya ufagio. "Kaa shangazi, sisi tupo." Anakaa. Siku nzima yuko mkekani, yeye na miguu yake, anahesabu michomo na kujiuliza kama ataishia kukatwa mguu. Misuli inalegea, sukari inapanda, usingizi unapotea, na kesho yake hatua kumi zinamtisha. Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton waliandika juu ya mzunguko wa namna hii kwa watu wenye maumivu ya mgongo na viungo: mtu anaogopa kuumia, anaacha kujongea, na kule kutojongea kunamzidishia. Tunamuua kwa mapenzi.

Kuna na kinyume chake, nacho shangazi alikijua vizuri. Siku ameamka na nafuu anafua nguo za nyumba nzima, analipa deni la wiki, kisha siku tatu hainuki. Sasa anatembea mpaka kwa muuza samaki na kurudi, miguu iwe mizuri au mibaya. Akijisikia vyema haongezi. Akijisikia vibaya anapunguza mwendo, lakini anafika.

Mguu wa kisukari una masharti yake, na hapa sina mzaha. Viatu vya kufunika, vikaguliwe ndani kabla ya kuvaa, nyayo zitazamwe kila jioni. Beseni la maji ya moto kwa ajili ya "kutuliza" ni hatari, kwa sababu mguu uleule unaowaka huweza kuwa umekufa ganzi, ukaungua bila mwenyewe kujua. Kukiwa na kidonda, matembezi yasimame, hospitali kwanza.

Maumivu ya shangazi hayajaisha, wala hakuna aliyemwahidi hivyo. Tofauti ni kwamba akisema leo yamezidi, hatumkimbizii mto. Tunamuuliza amelalaje, kisha tunamuuliza amegombana na nani. La pili mara nyingi hujibiwa na mkwewe, kutoka jikoni.