Baridi ya Kulipia

Elfu saba ya kuni! Ujumbe umeingia sasa hivi, chai sijaimaliza, kutoka kwa mweka hazina wa kikoba cha mama watoto, chama chao cha kuweka na kukopa: "Waume zetu wapendwa, mnakumbushwa salio la kuni za moto wa usiku, 7,000 kila mmoja, tumeni kabla ya Ijumaa." Wapendwa! Tangu lini mwanamke wa kikoba akamwita mume wa mwenzake mpendwa, isipokuwa kuna hela inatafutwa? Na kuni zenyewe tulichomea wapi? Msituni. Msitu mbele, msitu nyuma, ukitoka chooni unagonga kichwa kwenye mti. Ni sawa na kukaa ufukweni Raskazone ukauziwa maji ya chumvi.

Zamani kikoba kilivunjwa, yaani akiba kugawanwa, uani kwa mwenyekiti. Mkeka, pilau, mgao, kila mtu na kanga yake na manung'uniko yake, jua likizama watu wameshatawanyika. Siku hizi hapana. Siku hizi ni lazima watu "wakapumzike". Wakatafuta kijiji kimoja kidogo juu kule milimani, ukiipita Muheza, jirani na msitu wa Amani, wenye kijiji wamesafisha uwanja wa mahema, wamefunga turubai la sherehe, harusi huko, mafungio ya mwaka ya maofisi huko, na sasa vikoba. Na waume twende, kwa heshima ya wake zetu. Nani aliwaambia nimechoka? Mimi hupumzika kila jioni barazani, kahawa chungu, kashata, dhumna, na sijawahi kudaiwa kuni.

Safari sina maneno nayo. Lami ilituaga, tukaanza kupanda, kona juu ya kona, mvua ya jana yake imeifanya njia sabuni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka Sigi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, mizigo ikashuka na treni kwa raha zake. Sisi wa leo tuliambiwa, "Wanaume wote chini, tusukume." Mimi na kanzu yangu. Wanawake ndani ya Costa wanaimba.

Tulipofika, ukungu. Kule ni juu, mita 900 na ushei, na mtu wa Tanga mjini ukimpandisha hapo anageuka rangi. Sare ya kikoba ilikuwa kitenge cha mikono mifupi, mgongo wazi, kimeshonwa kwa mahesabu ya joto la Ngamiani. Saa kumi jioni walikuwa wamejifunga vitambaa vya meza. Bi Mwenyekiti, mama wa watu, mwenye cheo chake, amejitanda kitambaa chenye mchuzi wa jana na bado anatoa hotuba ya kutukaribisha "kwenye hali ya hewa safi."

Nikaomba chai. Ndugu yangu, tulikuwa tumepita mashamba ya chai mpaka macho yamechoka kijani, Kwamkoro yote chai, Bulwa chai, kilima kinapanda chai kinashuka chai. Nikaletewa kikombe cha maji ya moto na kipakiti kimoja cha majani, nikaambiwa nikimaliza kuchovya nimpe mzee aliyekaa kushoto kwangu.

Lakini haya yote ningeyasamehe. Kijana wa kututembeza msituni ndiye aliyenimaliza.

Kijana mwenyewe ana adabu, hilo sikatai. "Shikamoo mzee." Marahaba. Fimbo mkononi, buti miguuni, sisi tuna makubadhi. Nikamuuliza, mwanangu, matembezi yenyewe ni marefu? "Hapana mzee, hapo tu." Akanyoosha fimbo kwenye ukungu. Mtu wa milimani akikwambia hapo tu, muulize kama amewahi kwenda na mtu mwenye kitambi.

Hatukuenda hatua kumi, akasimama. Kumbe kila mti lazima utambulishwe, jina lake, kabila lake, alikotoka, nani alimleta. Akaanza na Wajerumani: mwaka 1902 walianzisha hapa Amani kituo cha utafiti wa mimea, wakakusanya miti ya kila pembe ya dunia, wakaipanda kujaribu upi utaleta hela. "Huu mkwinini," anasema, "magome yake yalikuwa dawa ya malaria. Mzee, onja." Kwa nini mimi? Watu wote wale, onja mzee. Nikatafuna. Uchungu uliponifikia kwenye masikio nikamsikia mama Saumu, mke wangu, nyuma yangu anawaambia wenzake, "Afadhali, labda atanyamaza."

Mti wa pili, mhesi. Kijana akatueleza kwa masikitiko kwamba mti huu si mwenyeji, asili yake pande za Bukoba na Uganda, ulipandwa huku, ukapenda, ukasambaa, sasa umejaa msituni unawabana wenyeji. Amekuja mgeni, amepata nafasi, haondoki. Nilitaka kumuuliza hifadhi wamepata dawa gani, maana kwangu chumba cha uani yupo shemeji tangu Ramadhani ya mwaka juzi, lakini mama Saumu alishaniangalia.

Mti wa tatu ndio uliovuruga shughuli. Mti mkubwa, mzuri, kivuli cha heshima. "Chumeni jani," anasema kijana, "sugueni kiganjani, halafu mnuse." Tukachuma. Tukasugua. Tukanusa.

Kimya.

Sisi ni watu wa pwani, harufu ile tunaijua, na tunajua huwa tunaisikia wapi. Karafumaiti! Umati mzima umesimama ukunguni, nguo za sare, viganja puani, kila mmoja anamkumbuka marehemu wake. Mama mmoja akaanza kulia kabisa, mama yake alizikwa mwezi wa Rajabu. Mweka hazina akasema inna lillahi. Bi Mwenyekiti akamgeukia kijana: "We mwana, mahali panaitwa Amani, umetuambia tumekuja kupumzika, sasa unatunusisha karafumaiti. Una nia gani na sisi?"

Kijana masikini ya Mungu hakuelewa kosa lake. Akajaribu kupooza mambo. "Basi mama, msihuzunike, nitawaonyesha kitu kizuri." Akaingiza fimbo kichakani, akaitoa na kinyonga.

Na si kinyonga hawa wa kwetu wa uani. Huyu ana pembe tatu puani, ana nundu ya mgongo, jicho moja linamtazama Bi Mwenyekiti, la pili linanitazama mimi. Kijana anasema kwa fahari, "Huyu anapatikana milima ya Tanzania tu, dunia nzima hayupo kwingine, hana sumu, dume ndiye mwenye pembe." Nani alimsikiliza? Pembe alizitaja watu wameshageuka. Nilimwona mwanamke mwenye kilo zake, mgonjwa wa magoti, tuliyemchangia nauli ya hospitali ya Bombo kwa ajili ya hayo magoti, anashuka mlima kwa miguu yote miwili bila kugusa ardhi. Katibu ndiye aliyebaki, kwa sababu mtandio wake ulinasa kwenye mti, na kinyonga, taratibu, mguu mmoja, anasita, anafikiri, mguu wa pili, akahama kutoka kwenye fimbo akapanda kwenye ule mtandio. Katibu alifumba macho akaanza kutaja waliokopa na hawajarudisha, majina kamili na kiasi. Wanakikoba wakarudi mbio kusikiliza. Sijaona uwazi wa mahesabu namna hiyo tangu kianzishwe.

Baada ya hapo kijana alituonyesha ua dogo la zambarau kwenye jiwe lenye unyevu. Anasema mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, ua likapewa jina lake, na leo limejaa madirishani Ulaya. Hakuna aliyeuliza swali. Tulikuwa tunahesabu watu.

Na maji! Tulipovuka kijito, kijana akasimama tena, "Maji haya yanaingia mto Sigi, yanashuka bwawa la Mabayani, ndiyo mnayokunywa Tanga." Watu wakapiga picha. Maji ambayo nyumbani nayalipia bili, nimepanda mlima, nimesukuma gari, nimetoa kiingilio, nikayaangalie yakiwa madogo.

Usiku sasa, hizo kuni. Mbichi! Zimelowa ukungu, hazishiki, moshi tu. Mshereheshaji anasema tuuzunguke moto tucheze, moto wenyewe haupo, tunazunguka moshi, tunalia, watu wa pembeni wanadhani tumeguswa. Jenereta likazima katikati ya mgao, hela zikahesabiwa kwa tochi za simu, na simu zenyewe hazina mtandao, atakaye kutuma chochote apande jiwe fulani nyuma ya choo. Pilau liliiva saa tano. Mimi saa tano, umri wangu huu, nimekaa kwenye ndoo nimejifunika gunia, meno yanagongana, nakula pilau la moshi, na mwanamke niliyemuoa kwa mahari yangu anapita ananiambia, "Baba Saumu, si unaona unavyofurahi?" Sikujibu. Ningejibu ningesema maneno. Mimi ni mtu mzima, nina shinikizo la damu, nina kitanda changu Makorora kimelipiwa chote, kwa nini nilale kwenye hema na mtu anayekoroma wa Barabara ya 20?

Kurudi, tukasimama Muheza kununua machungwa. Vijana wanakimbilia madirisha, nyavu mikononi, juu machungwa ya kuonyeshea, chini vichungwa vidogo vya kupigia manati. Nikanunua, ufanyeje. Leo nataka kumenya, kisu hakuna. Nimepekua kabati, nimepekua chini ya jiko, nimemtikisa shemeji, anasema hajui kisu gani. Namuuliza mama Saumu, anasema, "Si kilienda kukatia keki?" Keki gani? Mimi keki sikuiona! Keki ililiwa saa ngapi na nani, nikiwa kwenye ndoo? Elfu saba ya kuni situmi mpaka nijibiwe habari ya keki. Na aliyekibeba kisu akirudishe, mpini wa mbao, umefungwa uzi mwekundu, asijifanye ni chake.