Nembo Ichorwe kwa Vekta

Mama mmoja anayeoka keki hapa Dar es Salaam alinijia na nembo yake ikiwa kwenye simu, akitaka bango la upana wa mita 3 la kutundika mbele ya duka. Faili lilikuwa JPEG yenye upana wa pikseli 640, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Nilimpigia hesabu palepale: milimita 3,000 ukizigawa kwa 640, kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita 5, sawa na punje ya choroko. Herufi S ya jina lake, iliyopinda vizuri kwenye simu, ingeonekana bangoni kama ngazi. Aliyemchorea alikwisha kulipwa, na hakumwachia faili jingine lolote.

Picha ya rasta ni jamvi la nukta, kila nukta ikiwa na rangi na mahali pake, na ukiikuza, programu hulazimika kubuni nukta ambazo hazikuwepo. Picha ya vekta huhifadhi maelekezo ya kuchora: anzia hapa, ishia pale, mstari upinde kiasi hiki, ndani jaza rangi hii. Hesabu za mistari hiyo iliyopinda zilienezwa na Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault, aliyezitumia katika miaka ya 1960 kusanifu bodi za magari kwa kompyuta. Kwa kuwa mchoro hukokotolewa upya kila ukubwa unapobadilika, nembo ileile hutoka safi kwenye kadi ya biashara na ubavuni mwa lori. Hata kisu cha mashine ya kukatia stika hufuata mstari. Ukiipa pikseli tupu, hakina cha kufuata mpaka mstari huo uchorwe.

Sisemi kwamba rasta ni duni. Picha ya keki yenyewe, pamoja na vivuli vya krimu yake, ni kazi ya kamera, na kinachotakiwa ni pikseli za kutosha, ambazo kwa ukurasa wa A4 unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi ni 2,480 kwa 3,508.

Ninachokipinga ni mazoea yetu wasanifu ya kuchora nembo kwa pikseli, kumkabidhi mteja JPEG na kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Wengine huibandika JPEG hiyohiyo ndani ya PDF au SVG, mafaili yanayoweza kubeba vekta, wakidhani kwamba faili likibadilika jina na kilichomo kimebadilika. Likuze kwenye kioo, utaziona nukta zilezile. Gharama haiwezi kuwa sababu, kwani Inkscape, programu ya kuchorea vekta, hupakuliwa bure. Mteja aliyelipia nembo amelipia pia uwezo wa kuitumia popote, na kumnyima faili la vekta ni kumkabidhi mali nusu.

Nembo ya yule mama niliichora upya jioni ileile, na asubuhi nikampa flashi yenye SVG, PDF ya kupeleka kwa mchapaji, na PNG ya kutumia kwenye simu.