Mtoto, mtungi na pumzi iliyobanwa

Kaskazi ikipoa na maji yakatakata, wazazi huja na swali lilelile: mwanangu ana miaka 9, anaogelea kama samaki, kwa nini hamumvishi mtungi wa hewa akashuka nasi? Anayejibu "mwacheni akue kidogo" huonekana mwoga. Nafundisha uzamiaji, na naona jibu hilo limeeleweka vibaya kwa muda mrefu. Wengi hudhani linahusu papa na vilindi, lakini kinachotutia wasiwasi ni pumzi.

Tuanze na wanaosema watoto wafundishwe, kwa sababu hawakurupuki. Taratibu zipo. Kwa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji linalojulikana dunia nzima, mtoto wa miaka 8 anaweza kuonja mtungi bwawani, asipite mita 2. Akifika 10 anaweza kusomea cheti cha vijana na kushuka hadi mita 12 akiwa na mzazi, mlezi au mkufunzi. Kuanzia 12 hadi 14 anaruhusiwa mita 18 pamoja na mtu mzima mwenye cheti. Ufaransa nako shirikisho la wazamiaji lina madaraja ya watoto kuanzia miaka 8. Watoto wengi wamepita njia hizo wakarudi nyumbani salama, tena wenye furaha. Darasani mtoto wa miaka 10 hunipa raha kuliko babake: husikiliza, hurudia alichoambiwa, hana cha kujionyesha.

Ipo pia hoja inayonigusa zaidi. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968 na Mafia tangu 1995, lakini wapo watoto waliozaliwa jirani na matumbawe hayo ambao hawajayaona hata siku moja, huku wageni wakiyaona kila wiki. Mtoto aliyewahi kumtazama samaki taa akifukua mchanga hataisikia baruti ya wavuvi kwa masikio yaleyale tena. Hilo silipingi hata kidogo. Nauliza tu kama ni lazima ayaone akiwa na mtungi mgongoni.

Mtoto wa pwani akijitosa kutoka kwenye ngalawa kuokota kitu chini, hubana pumzi. Maji humkaza kifua kadiri anavyoshuka, na akipanda kifua hurudi kama kilivyokuwa. Hawezi kuibuka na hewa nyingi kuliko aliyoshuka nayo. Mtungi unavuruga hesabu hiyo. Regyuleta, kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi, humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka, na kwenye mita 10 mgandamizo huo ni mara mbili ya ule wa juu. Lita 2 alizovuta huko, akizibana na kupanda nazo, zitataka nafasi ya lita 4. Kifua hakina nafasi hiyo. Vifuko vya hewa vya mapafu hupasuka, mapovu huingia kwenye damu, na povu likifika kwenye ubongo mtu anaweza kuzimia mara tu anapoibuka.

Hesabu hii ina sehemu ya pili, na ndiyo inayowapotosha wazazi. Kutoka mita 30 hadi 20 hewa hutanuka kwa theluthi moja tu. Kutoka mita 10 hadi juu hutanuka maradufu. Maji mafupi, yale tunayoyaita salama, ndiyo yenye mabadiliko makubwa kuliko yote. Mapafu yaliyojaa pomoni yanaweza kupasuka kwa kupanda mita moja na kidogo. Kwa hiyo mzazi akiniambia "lakini ni bwawani, mita 2 tu", namwelewa, ila mita hizo 2 zinatosha kabisa kumdhuru mtoto.

Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya uzamiaji wa mtungi ni kutobana pumzi kamwe. Na ndiyo sababu ile sifa ninayoletewa, kwamba mtoto hukaa chini ya maji muda mrefu bila kuibuka, hainitulizi. Mtoto huyo amejizoeza miaka yote kufanya kitu kilekile ambacho akiwa na mtungi hatakiwi kukifanya hata mara moja.

Niliwahi kuwa bwawani na mvulana wa miaka 9. Kipande cha kuuma cha regyuleta kilikuwa kikubwa kwake, midomo haikukifumbata vizuri, na jaketi la kuelea lilimpanda hadi masikioni. Alijua kila kitu. Tukiwa nje ya maji alinisomea sheria zote bila kukosea, na mamake alipokosea moja akamrekebisha. Tulipopiga magoti chini nikamwonyesha kwa ishara aingize maji kidogo kwenye miwani, kisha ayatoe kwa kupuliza puani. Mara nne alifanya vizuri. Mara ya tano maji yalimwingia puani. Macho yakamtoka, mashavu yakavimba, akafumba mdomo na kujisukuma juu kwa miguu yote miwili. Nilikuwa nimeshika jaketi lake. Nilimbonyeza tumbo mpaka mapovu yakatoka, tukapanda pamoja taratibu. Hakudhurika. Lakini yale mashavu bado nayaona.

Mambo ya mwili nayo yapo. Mrija wa sikio la mtoto kwenda kooni ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo masikio yake huziba upesi, hasa akiwa na mafua. Mwili mdogo hupoteza joto haraka hata kwenye maji yetu ya vuguvugu. Mwenye pumu asishuke kabla daktari hajasema. Ile hofu kwamba mapovu ya naitrojeni huharibu mifupa inayokua haijathibitishwa, na sitaki kumtisha mtu nayo.

Linalonisumbua zaidi ya hayo ni suala la mzazi. Tunazamia wawili wawili, kila mmoja akiwa hewa ya akiba ya mwenzake. Kanuni ya mita 12 inaruhusu mtoto wa miaka 10 na babake. Mtoto akipata shida, baba yupo. Je, baba akishikwa na moyo huko chini? Mtoto wa kilo 30 hawezi kumpandisha mtu wa kilo 90. Atakimbilia juu peke yake huku amejaa hofu, na hofu ndiyo hufumba midomo. Kwa kweli baba huyo ameshuka bila mwenza, na mwanawe pia. Anayeamua kumshusha mtoto wa umri huo, angalau awe na watu wazima wawili kwa mtoto mmoja, wa pili akiwa mkufunzi.

Mimi huanza kuwavisha mtungi wakiwa na miaka 12. Kabla ya hapo nawapa miwani, snokeli (mrija wa kupumulia ukielea juu) na mapezi ya miguuni, tunakwenda kwenye matumbawe ya maji mafupi bahari ikiwa imetulia. Hawakosi mengi. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufifia kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mtoto anayeelea juu huwaona samaki wamekolea rangi kuliko sisi tulio chini.

Akifika 12 tunapiga magoti kwenye maji ya kifuani, najaza miwani yake maji yote, namwomba akae hivyohivyo akivuta na kutoa hewa kwa mdomo mpaka nihesabu 60. Nasikiliza mapovu. Yakikatika tunasimama, tunapumzika, tunarudi kesho yake. Mvulana yule alirudi baada ya miaka 3. Siku ya kwanza mapovu yalikatika, na ya pili pia. Siku ya tatu nilihesabu mpaka 60, nikaendelea mpaka 100.