Rimu za 16 kwa gari ya spoti, mnicheke tu

Tangu niweke rimu za inchi 16 kwa Toyota 86 yangu sina amani. Kijana wa bodaboda pale stejini Barani kaniuliza kama nimeuza miguu ya gari. Binamu yangu wa Mombasa alikuja Idd, akaizunguka mara mbili kimya kimya, halafu akasema "sasa hii si Premio ya milango miwili". Na jirani yangu Mtaliana, mzee aliyeishi Malindi miaka na miaka na anayependa magari kushinda chakula, alitikisa kichwa tu akarudi ndani. Haya, wacha niseme yangu yote hapa manake kumuelezea mtu mmoja mmoja nimechoka.

Gari yenyewe ni Toyota 86 ya 2014, niliagiza Japani ikashukia Mombasa wakati bado haijapita miaka minane, ikipita minane Kenya haiingii. Wenye kuijua wanajua ile ni Subaru iliyovaa kanzu ya Toyota, injini ni boksa (pistoni zake zimelala ubavu) ya lita 2, kaiunda Subaru kule Gunma, nguvu za farasi 200 na zote zinaenda magurudumu ya nyuma. Ilikuja na tairi 215/45R17. Kwa barabara za Japani hizo tairi ni tamu sana. Lakini kutoka kwangu mpaka nikanyage lami ya Lamu Road kuna mchanga, kuna jiwe la matumbawe limechomoza kama jino bovu, halafu kuna matuta matatu nafkiri yalijengwa na mtu aliyekuwa ameachwa na mke asubuhi hiyo.

Hapo kwa 45 ndipo penye maneno. 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 17 ni inchi za rimu, na 45 ni ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake, kwa hivo 215 ukichukua asilimia 45 unapata kama milimita 97. Huo ndio mto wote ulio nao kati ya shimo na rimu. Kwa tairi ya 205/55 ubavu ni milimita 113 hivi. Utasema milimita 16 ni nini, upana wa kidole tu, lakini muulize mtu yeyote aliyepiga shimo la maji karibu na Gede wakati wa masika akidhani ni dimbwi. Mimi nilipiga. Rimu ya mbele kushoto ikapinda, na siku mbili baadae tairi ikatoa nundu ubavuni, kubwa kama ndimu. Fundi wangu wa Majengo akaibonyeza na kidole akaniambia "Ami, hapa nyuzi za ndani zishakatika, wewe watembea na puto." Na mimi nilikuwa nimepanga Kilifi na kurudi siku hiyo hiyo, ati nitaibadilisha mwisho wa mwezi!

Basi nikafanya ujinga wa pili, ambao ni mkubwa kushinda wa kwanza. Nikaenda Mombasa kutafuta tairi za mtumba kutoka Japani, za spoti haswa, jina kubwa, meno bado marefu, bei nusu. Muuzaji akanifungia zote nne hapo hapo, nikarudi Malindi nimefungua madirisha, najiona. Nilipofika Timboni kukaanza kunyesha mvua ndogo tu, ile ya kulainisha vumbi, gari ikaanza kuteleza nyuma kwenye kona kama mtu amevaa kandambili kwenye sabuni, na wallahi sikuwa nakimbia. Kesho yake fundi akainyanyua akaingia chini na tochi. Ile namba ya tarehe ilikuwa upande wa ndani zote nne.

Hili mtu akilijua pekee yake ataokoa pesa. Kwenye tairi kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hivo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lakini tarehe kamili inatakiwa iwe upande mmoja tu wa tairi, si lazima pande zote mbili. Mtu akitaka kukuficha umri anageuza huo upande uangalie ndani, na nani ataingia chini ya gari dukani na shati lake jeupe? Zangu zilisoma 3211. Tairi ina umri kushinda gari yenyewe. Meno marefu yalikuwa kweli, lakini raba ilikuwa imekuwa ngumu kama ufito, ndio maana hayakuisha! Jua, joto na hewa vinaikausha raba hata kama tairi haitembei, na sisi hapa jua hatukosi hata siku tuliyoomba mvua.

Halafu kuna jambo lingine la mitumba ya Japani ambalo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Nimeona Malindi, kwa macho yangu, gari imefungwa tairi za theluji. Soma ubavuni, imeandikwa STUDLESS. Wajapani wanazifunga wakati wa baridi, raba yake wameifanya laini ili isigande kwenye barafu. Sasa raba laini namna hiyo uilete huku, lami mchana inachoma mpaka mtoto hawezi kuikanyaga pekupeku, itafanya nini kama si kuyeyuka kama halua. Kwa breki inapepesuka, kwa kona inapepesuka, na inaisha upesi. Theluji ya Malindi labda ile ya friza ya samaki.

Haya, turudi kwa 16. Nilifikiria kwanza kubaki na rimu zangu za 17 nipandishe ubavu tu, yaani 215/50R17. Nikapiga hesabu, tairi nzima inapanda kutoka kimo cha milimita 625 mpaka 647, ni zaidi ya asilimia 3, spidomita inasoma 100 na wewe uko 103, na ukikata kona umebeba watu nyuma (ati watu nyuma ya 86, labda paka) unaweza kusikia tairi inakwaruza. Lakini 205/55R16 kimo chake ni 632, tofauti ni asilimia 1 tu. Na sio saizi nimebuni kitandani, 86 za daraja la chini kule Japani zilitoka kiwandani na saizi hiyo hiyo. Tena ndio saizi ya magari mengi tu ya kawaida, kwa hivo ikipasuka Garsen au Mariakani una nafasi ya kupata nyingine, wakati 215/45R17 Malindi hii niliizungukia siku nzima nikaambiwa ngoja itoke Mombasa.

Rimu ndio zilinisumbua kidogo. Misumari ya 86 ni mitano kwa duara la milimita 100, na tundu la katikati ni 56.1, manake ni Subaru. Rimu za Toyota zingine zina misumari mitano ya 100 vilevile lakini tundu lao ni 54.1, zinagoma kuingia, na mtu akikwambia "nitaichonga kidogo" mwambie achonge yake. Mimi nilipata za Impreza zilizotumika, bei nzuri tu. Usilipe kabla hujaivisha moja mbele ukaizungusha kwa mkono, manake breki za mbele za 86 ni kubwa na kuna rimu za 16 ambazo ndani zinagusa.

Sasa wale wa "umeharibu gari ya spoti". Sikatai kuna kitu nimepoteza. Usukani hauna ule ukali wa zamani, ukikata ghafla unahisi ubavu unajikunja kwanza halafu gari ndio inafuata, nusu sekunde hivi. Ningekuwa naenda kukimbiza kwenye uwanja wa mashindano singeweka hizi. Lakini mimi naenda Watamu kununua pweza! Na kitu ambacho hawa jamaa hawakijui, au wanajifanya hawakijui, ni kwamba Toyota wenyewe waliifunga 86 tairi za Michelin Primacy HP, tairi za kistaarabu, za aina ile ile walizoiwekea Prius. Sio kwa ubahili. Mhandisi mkuu wake Tetsuya Tada alitaka gari ambayo mtu wa kawaida anaisikia inavyosogea kwa mwendo mdogo, sio ile iliyogandishwa barabarani mpaka ufike 160 ndio uanze kufurahi. Kwa hivo ukiniambia tairi ya kawaida ni matusi kwa gari hii, nenda kawaambie walioiunda.

Na hizo herufi za spidi ya mwisho ya tairi mnazogombania, tafadhali. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Gari yangu yenyewe haifiki 240 hata ikiteremka mlima, na mjini sheria ni 50. Nilichukua 91V, 91 ni uzito inaoweza kubeba, kilo 615 kwa kila tairi, za zamani zilikuwa 87 ambayo ni 545. Gari nzima ina kilo elfu moja mia mbili na kitu. Nilichoangalia zaidi ni ile herufi ya kustahimili joto, TEMPERATURE, ambayo A ndio bora, na TRACTION ambayo ni kushika kwenye maji. TREADWEAR, namba ya kudumu kwa meno, pia niliiangalia, zangu ni 400, tairi kali za spoti unakuta 200, lakini kila kampuni inajipimia yake kwa hivo 400 ya huyu si lazima ilingane na 400 ya yule. Chapa sitaitaja manake mtasema nimelipwa. Ni ya bei ya kati, mpya, nilipoinunua haikuwa na hata miezi sita, na nimelala chini mwenyewe nikasoma pande zote mbili, muuzaji akaniona mwendawazimu.

Kama pesa inatosha mbili tu, mbili mpya weka nyuma. Najua vijana wanaweka mbele kwa sababu ya usukani. Ikiteleza mbele unaachia mafuta gari inarudi, ikiteleza nyuma kwenye mvua unaangalia ulikotoka. Presha pima asubuhi kabla hujatoka, sio ukifika petroli steshen jua la saa nane, tairi imeshachemka inakudanganya kwa namba kadhaa, unaitoa upepo halafu usiku iko chini.

Binamu bado anacheka. Juzi kanitumia picha ya punda wa Lamu akaandika "huyu naye anatumia 16 au 17?" Nimemjibu punda hana habari ya kupinda rimu.

Zile 17 ziko ukumbini. Tatu ziko sawa, ya nne ndio ile ya Gede. Mke wangu amezipanga mbili mbili akaweka ubao juu na mitungi ya maji, na nikimwambia nataka kuuza ananiuliza mitungi itakaa wapi.